Senti ya Mfalme Aliyejivua Taji

Edward wa Nane alitawala Uingereza kwa muda usiotimia mwaka, kisha Desemba 1936 akajivua taji. Lakini senti zenye jina lake zilikwisha kupigwa kwa ajili ya Afrika Mashariki, tena kwa mamilioni. Wajuzi wetu wa utajiri wa haraka hukokotoa hivi: mfalme wa miezi michache, basi senti adimu, basi bei ya kiwanja. Hesabu nzuri, ila imeyasahau hayo mamilioni, na imemsahau mnunuzi. Bei anayotaja muuzaji ni ombi tu; huwa thamani pale mtu anapotoa pesa. Na muuzaji akiisugua senti yake kwa majivu ing'ae, mkusanyaji makini huishushia bei papo hapo.

Mtasema: mbona rupia 15 za dhahabu, zenye tembo, zilizopigwa Tabora mwaka 1916, huuzwa ghali mnadani? Kweli. Zile ni dhahabu, zilitoka kama 16,000 tu, na wanaozitaka ni wengi. Anayezilinganisha na senti ya Edward, ya shaba yenye tundu, ana haki ya kuota; asikopee tu ndoto hiyo kwa jirani.