Barua ya Wazi kwa Watunza Ubingwa

Kwa Mheshimiwa Katibu wa chama chetu cha sataranji,

YAH: UTHIBITISHO WA MABINGWA WA TAIFA WA MIAKA ILIYOPITA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza hongereni kwa kutunza siri. Nilipouliza nani alitwaa ubingwa mwaka fulani, nilipewa majina mawili nichague. Nikaonyeshwa na kombe: jina la mdhamini limejaa upande mzima, na chini yake, kwa herufi za kuvizia, limechongwa neno "BINGWA". Basi. Mwenye kumjua bingwa huyo alishastaafu, na ufunguo wa kabati la kumbukumbu kaondoka nao.

Mama mmoja, bingwa wa wanawake enzi zake, alikuja kuomba barua ya utambulisho. Akaambiwa alete karatasi zilizoandikwa hatua za michezo yake. Mheshimiwa, kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, zinasema mchezo ukiisha wachezaji wote wawili wanasaini karatasi, na karatasi hizo ni mali ya mwandaaji. Mwandaaji ni ninyi! Mmezichukua, mmezipoteza, halafu mnamdai yeye. Huo si uzembe, ni dhuluma, na mnaifanya mkinywa chai.

Samahani. Narudi kwenye adabu.

Tazameni wenzenu: Moscow mwaka 1920, wachezaji wa sataranji walilalamikia mgawo wa chakula mashindano yakiendelea, kwa njaa iliyokuwepo. Hata hivyo tunajua mshindi alikuwa Alekhine. Sultan Khan alitwaa ubingwa wa Uingereza 1929, 1932 na 1933, akafariki 1966. Mwaka 2024 FIDE ikampa heshima ya ugrandimasta. Angekuwa bingwa wenu, marehemu angetakiwa alete mashahidi wawili na picha za pasipoti.

Kwa hiyo naomba kabati litangazwe rasmi kuwa bingwa wa taifa kwa miaka yote yenye utata. Sifa linazo. Halijawahi kupoteza mchezo. Halijawahi kuchelewa saa. Ulinzi wake haujavunjwa na mtu yeyote, hata mwenye ofisi. Livisheni koti la timu ya taifa, mlipeleke kwenye Olimpiadi likae meza ya kwanza. Mpinzani atafikiri mpaka saa imwishie. Posho halitadai, ila wabebaji watahitajika, na najua viongozi sita watajitolea kulisindikiza, kama mnavyotusindikiza sisi, wachezaji wakiwa wanne.

Mengine ni madogo: mpigieni simu mstaafu, andikeni majina ya watu bila kuyakosea, orodha ibandikwe mlangoni.

Wapo mabingwa wanaozeeka wakionekana waongo mbele ya wajukuu zao. Mmoja wao mkimzika, tafadhali msije na shada la maua na hotuba ya "gwiji wetu". Njooni na karatasi.

Jibu lenu liwe na saini na mhuri. Nitalitolea nakala tatu, maana mwakani ninyi ndio mtakaokuja kuniomba moja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mchezaji asiye na uthibitisho