Sifa za Mchawi Mshikashika

Wenye kusifia mashujaa wa upanga wasifie. Mimi namsifia yule mzee wa kofia ndefu ambaye akikuta sanduku limeandikwa "usiguse" hulinusa kwanza, kisha akaliramba.

Huyu ni mchawi msomi wa Dungeons & Dragons, mchezo wa dadu na hadithi uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hapa Haltom City, pembeni mwa Fort Worth, meza yetu ya Jumamosi inaye mmoja. Anayemcheza ni dereva wa foklifti ghalani, mtu mpole asiyebonyeza kitufe bila kuuliza. Akishakuwa Profesa, basi tena: kila pete ataivaa, kila chupa ataionja, na kitabu kikimng'ata atataka kimng'ate tena ili aandike vizuri. Pengine ni hewa ya mji wenyewe, maana umepewa jina la sonara, G. W. Haltom.

Mahasidi husema ametuua. Ametuua, ndiyo, tena si mara moja. Lakini nani angejua kwamba ule mfuko wa kubebea mizigo bila kujaa ni kinywa cha dude, kama yeye asingetia mkono? Mkono haukurudi, elimu ilirudi. Na katika Tomb of Horrors, kitabu cha mwaka 1978, kuna uso wa shetani wa kijani ukutani, umeachama, ndani giza tupu. Anayejitosa humo hafi tu, hufutika. Waoga walitaka kutupa jiwe kwanza. Profesa akakataa: jiwe halisemi, litatoaje ushahidi? Akaingia yeye.

Ana ukoo mtukufu. Katika hadithi ya Aladdin, ambayo Hanna Diyab wa Halab alimsimulia Antoine Galland mjini Paris mwaka 1709, aliyepiga ramli, akaijua taa ilipo na kufunga safari hadi China ni mchawi wa Kimaghribi, mwenzetu wa bara la Afrika. Kijana ambaye mama yake aliisugua taa kwa bahati tu akapewa binti mfalme. Mtafiti akapewa sumu. Toka lini haki ikawa hivyo? Nakubali, alimfungia mtoto shimoni. Wasomi wana haraka zao.

Lakini kilele cha taaluma hii ni Kichwa cha Vecna. Vecna ni mchawi wa mchezoni aliyebakiza duniani mkono na jicho; ukitaka nguvu za mkono ule, sharti ukate wa kwako uupachike huo. Kuna kisa maarufu kati ya wachezaji: kundi moja lilizusha uvumi kwamba kichwa chake nacho kipo, likakificha kichwa cha kawaida mahali pa kupatikana. Wapinzani wao wakakipata kwa jasho, wakagombania nani apewe heshima. Mshindi akakatwa kichwa, wakampachika kile. Kimya. Wakajadiliana, wakaona labda walichelewa kukipachika. Wakamkata wa pili.

Huyo wa pili ndiye ninayemvulia kofia. Wa kwanza alidanganywa, basi. Wa pili alikuwa anarudia jaribio ili kuhakiki matokeo, na maiti ya mwenzake ilikuwa bado ya moto.