Sifa za Bomba Lililopasuka

Fahali akishinda pigano pale Khayega hupigiwa ngoma za isukuti mpaka vumbi likapanda, ilhali hakufanya zaidi ya kusukumana na mwenzake. Bomba la maji likipasuka katika nyumba ya Amalemba au Milimani mjini Kakamega, kazi linayoifanya kwa saa moja haimalizwi na mafahali kumi, lakini malipo yake ni matusi. Leo nalisifu mimi, isukuti iwepo isiwepo.

Nianze na ujasiri. Mabomba ya nchi za baridi hupasuka yakiwa na kisingizio. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, bomba likashindwa kuyabana, na dunia nzima ikalionea huruma, kama ilivyokuwa Texas mnamo Februari 2021. La Kakamega halina wakili. Mji uko chini ya nusu digrii kutoka ikweta, na barafu tunayoijua ni ya mvua ya mawe na ya friji za soda. Hata Wafini waliokuja miaka ya 1980 na mradi wa maji, wakatuachia jina la Kefinco, theluji yao waliiacha kwao. Bomba letu hupasuka kwa juhudi za wenyeji: gundi iliyopakwa harakaharaka, plastiki nyembamba iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa, na maji ya mgao yanayorudi usiku kwa kishindo yakiisukuma hewa iliyojaa mle ndani.

Ni karimu pia. Nchini Kenya zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji hayaleti hata senti. Mengine huibwa, mengine mita hazikuyahesabu, na bomba lililopasuka limetoa mchango wake bila kutaka jina. Mboga ya murere iliyo kando ya ua hunawiri hata Januari.

Lakini sifa kuu ni ualimu. Hati ya bima ya nyumba watu huilipia kila mwaka bila kuisoma. Wakala huieleza kwa tabasamu, mwenye nyumba akatia sahihi, karatasi ikaenda kulala sandukuni. Ni bomba tu linaloweza kumwamsha mwalimu mstaafu saa tisa usiku, avae miwani akiwa amesimama majini, asome mpaka ukurasa wa mwisho.

Humo atakuta kwamba bima ya kawaida ya nyumba hutaja kupasuka kwa mabomba na kufurika kwa matangi, pamoja na moto na radi, mgeni wetu wa kila msimu. Atakuta pia kwamba kinachofidiwa kwa kawaida ni kile maji yalichoharibu. Bomba lenyewe, mwanzilishi wa yote, mara nyingi halimo. Dari ni ya bima ya jengo, zulia ni la bima ya vyombo, na mpangaji anayetegemea bima ya mwenye nyumba atakausha makochi yake juani.

Tena bima hupenda vishindo. Bomba linalotona miezi sita hadi ukuta ukaota ukungu huitwa chakavu, na uchakavu ni mzigo wako. Basi lisifiwe linalopasuka ghafla! Na liwe na adabu ya kupasuka wenyewe wakiwemo, kwa maana hati nyingi huondoa kinga nyumba ikiachwa tupu. Bomba la yule mjomba wa Nairobi aliyejenga nyumba ya Krismasi Shinyalu lina kila sababu ya kungoja Desemba. Wamarekani wanaozima joto la nyumba wakasafiri majira ya baridi hukutana na kifungu kinachofanana na hicho. Ada nayo iwe imelipwa: kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima ya Kenya hakiiruhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea malipo, na maji hayajui mwisho wa mwezi.

Fundi akishalikata bomba lililopasuka, usimwachie alitupe. Mkadiriaji hasara huja wakati sakafu imeshakauka, na kipande kile pamoja na picha za simu ndio mashahidi wako. Leo jioni, kabla ya mgao kurudi, tafuta koki kuu ilipo, waoneshe hata watoto, kisha itoe hati sandukuni uisome ungali mkavu.