Kiswahili cha Getini

Mwaka 1959 Tom Mboya aliwapandisha wanafunzi 81 ndege, wakasome Marekani. Mwaka huu Marekani imeturudishia mmoja. Yuko Lavington, amekuja kujifunza Kiswahili. Siku ya kwanza alimwamkia mama mwenyeji, "Shikamoo." Mama akawaita watoto waje wasikie. Humo ndani hata paka hufukuzwa kwa Kiingereza.

Mwalimu kampata getini: soja, karedio kake, chai ya maziwa kwenye kikombe kilichovunjika mkono.

"Mzee, gari lako liko wapi?"

"Gari yangu ni miguu, kijana. Kawangware ni hapo tu."

Sasa mama mwenyeji anamwomba mgeni amsaidie kitinda mimba wake na insha. Mtihani umekaribia, na tuisheni, si unajua, ni ghali.