Fundo la Gavana

Mwenye mama mkwe nyumbani atanielewa haraka. Mwingine asubiri zamu yake. Wangu tunamwita Gavana. Alishuka kutoka Fizi kuja Kazimia "kusalimia wajukuu", na salamu hizo hazijaisha hadi leo. Hazina yake yote anaifunga kwenye pindo la kitenge: franga, sindano, na tumbako ya kunusa, iliyosagwa laini na kutiwa majivu.

Kitindamimba wangu, Mkaguzi, ana mwaka na nusu na hakuna fundo linalomshinda. Gavana aliposinzia, Mkaguzi akafungua hazina. Franga hakuzigusa, tabia ambayo hakuirithi upande wa mama yake. Tukamkuta midomo ya kahawia, mate yanachuruzika, uso umepauka, na kabla hatujauliza kitu akatapika juu ya ndagala walioanikwa.

Kila mtu akawa daktari. Gavana aliagiza mawese, kikombe kizima. Shemeji Redio, ambaye hazimiki hata usiku, alitaka mtoto atiwe kidole kooni. Jirani akaleta maziwa. Mimi sibishani na mama mkwe, heshima hairuhusu, kwa hiyo nilibishana na mke wangu, naye akabishana na mama yake kwa Kibembe, lugha ninayoielewa nusu. Nusu hiyo ilinitosha.

Waziri wa Fedha, yaani mke wangu, hakungoja kura. Alimfuta mtoto ulimi na mashavu kwa ndani kwa kitambaa cha maji, maana tumbako yenye majivu hupenya mdomoni kabla haijafika tumboni. Tukapanda piki.

Muganga wa kituo cha afya aliuliza mambo matatu: kiasi gani, tangu saa ngapi, na mabaki yako wapi. Mabaki yalikuwa kiunoni mwa Gavana, na Gavana alikuwa bado nyumbani anachagua kitambaa cha kichwa. Piki ikamfuata.

Kuhusu mawese, muganga alitikisa kichwa: mtoto akitapika, mafuta huweza kuingia mapafuni, ukawa na wagonjwa wawili ndani ya mmoja. Kidole nacho marufuku. Dawa ya kuifuta nikotini yenyewe hakuna. Kwa bahati watoto wengi hutapika sehemu kubwa wenyewe. Kazi ni kumlaza ubavu, kuhesabu pumzi na mapigo ya moyo, na kuwa tayari kwa degedege. Angelegea au pumzi ikapungua, ingebidi twende hospitali kubwa, na barabara ya Baraka wakati wa mvua unaijua.

Jioni Mkaguzi alidai ugali, kisha akaiba kalamu ya muganga. Tukaruhusiwa, nadhani kwa ajili ya kalamu.

Gavana naye alipiga hesabu: tumbako iliyoliwa na mwana hulipwa na baba. Waziri akaidhinisha malipo palepale, kutoka mfukoni mwangu. Siku hizi tumbako inakaa kwenye kopo lenye kifuniko, juu ya boriti. Mkaguzi hafiki huko, Gavana hafiki. Ninayefika ni mimi, ndiyo maana kila alfajiri, jogoo hajawika, nasikia mlangoni: "Mukwe wangu, umelala?"