Kadi Mnadani

Mpwa wangu amerudi kutoka semina ya ujasiriamali Dar na boksi zima la kadi za biashara. Jina limeandikwa kwa dhahabu, na chini yake: Mkurugenzi Mtendaji. Kampuni yenyewe ni yeye, simu yake, na deli la barafu ambalo ni langu, wala sikuombwa.

Anataka kuuza samaki kwenye mahoteli ya Kunduchi. Basi asubuhi akanikokota hadi mnadani hapa Bagamoyo, pale ufukweni karibu na jengo la forodha la Mjerumani, akaanza kugawa kadi kama njugu za arusini. Dalali mmoja aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mbele na nyuma, akaikunja ncha, akachokolea meno.

"Mjomba, koneksheni tayari hiyo," mpwa akaninong'oneza.

Tayari! Mara akaja mama mmoja wa kukaanga, kanga kiunoni, ndoo mkononi, hana hata senti ya kutanguliza. Akajaziwa vibua: mali kauli, hesabu jioni. Dalali huyo alipofiwa, mama alishinda matangani akimenya vitunguu mpaka macho yakavimba. Binti wa dalali alipoolewa, alichanga. Na bahari ikichafuka, samaki hakuna, bado hupita kuwajulia hali, kisha huyo anaondoka zake.

Hapo ndipo mji huu unaponichosha. Ukitaka mtu akukopeshe ndoo ya samaki, kwanza umzikie, umwozeshee, unywe naye kahawa chungu barazani miaka na miaka. Simu yangu ina makundi ya michango mengi kuliko wateja.

Na si jambo la jana. Februari 1871 Henry Morton Stanley alitua hapahapa na fedha za gazeti la New York Herald, anataka wapagazi upesi akamtafute Livingstone. Mpaka anang'oa nanga kwenda bara, Machi ilikuwa inaelekea ukingoni. Fedha alikuwa nazo yeye. Wapagazi walijuana na wengine. Alinung'unika kitabuni kurasa kwa kurasa, na nani wa kumlaumu?

Nimemwambia mpwa Jumamosi kuna hitima kwa shemeji yake dalali. Aje na kanzu, abebe masinia ya pilau, kadi aziache nyumbani.

Amekubali. Ila ameuliza kama baada ya dua atapewa dakika tano za kuitambulisha kampuni.