Yah: Maombi ya Kuunganishiwa Maporomoko ya Bomba

Kwa Mkurugenzi,
Shirika la Umeme Tanzania.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza pokea pongezi zangu, ingawa zimechelewa robo karne.

Kabla yenu, mto Kihansi ulikuwa ukijirusha tu kwenye magenge ya Udzungwa, usiku na mchana, bila mita wala ankara. Uzembe huo mliukomesha mwaka 2000. Maji yakakingwa kwa bwawa, yakapitishwa handakini ndani ya mwamba, yakazungusha mitambo mitatu, zikapatikana megawati 180. Kama asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakishuka korongoni yakahamishiwa kazini. Yaliyobaki tuyaite masurufu ya mto. Umeme huo nautaka, nisiseme uongo. Hata barua hii naiandika chini ya taa.

Tatizo lilikuwa mpangaji mmoja ambaye hakuhesabiwa. Mwaka 1996, wajenzi wakiwa wameshaingia, wataalamu walimkuta chini ya maporomoko chura wa rangi ya dhahabu, hafiki sentimita 3, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Makazi yake yote hapa duniani ni hekta chache za rasharasha ya maporomoko hayohayo. Ukaguzi wa mazingira ulifanya kama mgeni wa harusi: ulifika pilau limeshapakuliwa.

Ubunifu uliofuata ndio ulioniacha hoi. Mliyapunguza maporomoko, kisha yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia yaigize maporomoko. Kazi hiyo mto ulikuwa ukiifanya bure tangu enzi na enzi, ila haukuwa na fundi, haukuwa na bajeti, na haukuwahi kuhudhuria semina elekezi.

Vyura karibu 500 walipandishwa ndege hadi New York bila kupanga foleni ya viza. Waliobaki bondeni waliongezeka kidogo, halafu mwaka 2003 wakapukutika, huku ugonjwa wa kuvu ukiwa umeshawaingia. 2009 ikatangazwa kuwa porini hayupo tena hata mmoja. Mitaani tuliangua kicheko: chura ana pasi ya kusafiria! Tulimcheka chura. Aliyetia saini kabla ya kuhesabu hatukumcheka, maana hatukumjua, na mpaka leo hajajitokeza. Mwaka 2010 wahamiaji wetu walianza kurudi, wakafikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakarudishwa Kihansi, chini ya bomba lao.

Basi naomba huduma hii isambazwe. Maporomoko ya Sanje, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yanashuka mita 170 hivi bila kuzalisha hata wati moja. Yafungeni, waongoza watalii wapewe ndoo. Ruaha Mkuu hauhitaji hata kufungwa: tangu miaka ya 1990 hukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, maji yakiwa yameshaishia juu huko Usangu, mashambani. Viboko wanaobanana kwenye vidimbwi nao wawekewe bomba, lenye matundu makubwa kidogo. Kuhusu Rufiji sina ombi, kwani bwawa la megawati 2,115 limeshajengwa. Nimefurahi tu kugundua kuwa maji ya Kihansi huingia Kilombero, kisha Rufiji, kwa hiyo yakitoka zamu kwenu yanaripoti zamu ya pili. Watumishi wa umma wa namna hii ni wachache, na likizo hawaombi.

Mwisho, naomba ajira ya mhesabu vyura. Niko tayari kufika eneo la kazi kabla ya katapila, kama kanuni zinaruhusu. Mshahara ninaoomba ni mdogo kuliko nauli ya kwenda New York.

Naomba kuwasilisha.

Mteja wenu wa LUKU, uniti zimebaki mbili.